Jina Lililovuka Garsen kwa Pantoni

Nyinyi mnaopita daraja la Garsen juu ya pikipiki, simu sikioni, hata chini hamtazami. Siwalaumu. Daraja hujengwa ili watu wausahau mto. Lakini mimi nguvu zangu zote nilizimaliza juu ya maji hayo, nikivuta pantoni, na mkinipa masikio nitawaeleza jinsi magari, ng'ombe na maharusi walivyovuka kabla hamjazaliwa, na jinsi jina moja la watu wa mbali sana lilivyovuka pamoja nao likabaki kwetu.

Pantoni ilikuwa sakafu ya mbao juu ya matangi makubwa ya chuma, pana kiasi cha kubeba lori moja na watu wa pembeni. Waya mnene kama mkono wa mtoto ulifungwa ukingo huu na ukingo ule. Kila mvutaji alikuwa na kipande cha mti mgumu kilichochongwa pengo. Unaling'atisha pengo kwenye waya, unaegemea kwa uzito wako wote, unatembea kutoka kichwa cha pantoni mpaka mkia, kisha unaachia, unarudi mbele, unaanza tena. Kwa kweli wewe huendi popote. Pantoni ndiyo inayokwenda chini ya nyayo zako, na wimbo ndio unaowafanya wote mvute kwa pamoja.

Siku yangu ya kwanza niliushika waya kwa kiganja kitupu. Nilijiona mwanamume. Waya wa chuma ukizeeka huota sindano, na sindano zikaingia. Mnyapara wetu, Mzee Galgalo, alinikalisha juu ya tangi akanitoa moja moja kwa mwiba wa mgunga.

"Jilo," akaniambia, "mkono si chombo cha kazi. Mkono ni mwenye chombo."

Galgalo alikuwa Mpokomo wa juu ya mto, mtu mfupi, mwenye shingo nene na ndevu zilizopakwa hina. Ndiye aliyenifundisha kusoma mto. Jua linawaka Garsen, vumbi linaruka, hakuna dalili ya mvua; lakini ukiona povu limepita limebeba majani ya miti ambayo kwetu haipo, jua kule milimani kumenyesha, na maji yako njiani. Alinifundisha kupakia ng'ombe wa Waorma: usitangulize dume, tanguliza ng'ombe jike mzee mwenye akili, na wageuze vichwa wote wautazame mto unakotoka. Ng'ombe akitazama maji yanayoondoka, kichwa humzunguka, naye hutaka kuyafuata.

Punda ni habari nyingine. Mwenzetu Roba alishindwa kumpandisha punda mmoja, akaona amfunike macho kwa kikoi chake mwenyewe. Punda alipanda vizuri sana. Tulipofika ng'ambo akashuka mbio, kikoi kichwani, akapotelea vichakani, na Roba akabaki na kaptura yenye tundu mbele ya wakwe zake waliokuwa wakisubiri kuvuka. Baada ya hapo tukawa tunafunika punda kwa gunia.

Basi, katika miaka hiyo ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, tuliletewa fundi wa kutunza waya na matangi. Alikuwa Mzungu, lakini si Mzungu wa aina tuliyoizoea. Alikuja juu ya lori la saruji, amekaa nyuma na vibarua. Alikula tulichokula. Kiingereza chake kilikuwa kibovu kuliko changu, na Kiswahili chake alikiokota kwenye kambi ya wakimbizi huko bara. Wakati wa vita vikubwa, yeye na mama yake walitolewa kijijini kwao, nchi ya Warusi, wakasukumwa huku na huku mpaka wakatupwa Afrika ya Mashariki. Mama akafia kambini. Vita vilipokwisha, wenzake wakapelekwa nchi nyingine. Yeye akasema atabaki, maana hakukuwa na mtu wa kumpokea popote.

"Jina?" Galgalo alimuuliza.

"Igor."

Sisi ulimi wetu hauachi neno bila kulifungia mlango, kwa hiyo akawa Igori siku hiyo hiyo.

"Maana yake nini?"

Igori akacheka kidogo. "Maana hapana. Jina tu. Ya babu."

Galgalo hakucheka. Lazima mwelewe, wajukuu zangu, kwetu jina si kibandiko. Yeye aliitwa Galgalo kwa sababu alizaliwa jioni. Roba alizaliwa mvua ikinyesha. Hayo ni maneno ya Waorma, lakini tunayajua. Mtu mzima aliyebeba neno miaka yote bila kuliuliza limetoka wapi, Galgalo alimwona kama aliyebeba mzigo wa mtu mwingine.

"Mtu asiyejua jina lake," akatuambia baadaye kwa Kipokomo, "mto wangu ataujulia wapi?"

Taabu yao ilianzia hapo. Igori alipotazama tunavyovuta, jasho likitutoka mpaka kwenye kope, alitikisa kichwa. Akamchukua Galgalo kwenye mtumbwi, akatumbukiza kiganja majini, akakilaza upande. Mkono wake ukasukumwa pembeni. Akakilaza upande wa pili, ukasukumwa kule.

"Unaona? Pantoni kama mkono. Mimi nataka weka roda mbili, gurudumu ndogo ya kupita kamba, kwa waya. Kamba ya mbele fupi, kamba ya nyuma refu. Pantoni nalala upande. Mto nasukuma yeye mpaka ng'ambo. Watu nakaa, nakunywa chai. Kwetu mto kubwa, watu nafanya hivi."

Ukitaka kumwelewa, toa mkono nje ya gari lililo mbio, ulaze kiganja. Ni hivyo hivyo.

Lakini Galgalo alikataa. "Mto hauvushi mtu. Mtu ndiye anayevuka mto."

Igori alifunga roda zake hata hivyo, kwa ruhusa ya wakubwa wa barabara, akaziacha zikining'inia bila kazi. Kila asubuhi alizipaka grisi. Kila asubuhi Galgalo alipita chini yake bila kuinua macho.

Kisha yakaja maji.

Hayakuwa mafuriko ya kuua nchi. Yalikuwa ya kushibisha mashamba ya mpunga, yale tunayoyaombea. Lakini pantoni haijui tofauti. Maji yalikuwa mekundu, mazito, yanakokota vichaka vizima. Tulikuwa tumeifunga ukingo wa upande wa Lamu, tukingoja mto upunguze hasira, ndipo watu wakatuletea kitanda mabegani.

Juu yake alikuwa Hawa, binti wa Galgalo, aliyeolewa kijiji cha ng'ambo hiyo. Uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake na mtoto hashuki. Mumewe, Bakari, mafuriko yalimkuta mashambani na hakukuwa na njia ya kumfikia. Pamoja na kitanda alikuja mkunga, Mama Hadija, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamuru ng'ombe.

"Huyu anataka daktari," akasema, "wala si kesho."

Hospitali ya misheni ilikuwa upande wetu wa Garsen, mbali kwa miguu. Na kama Mungu alivyotaka, hapo ukingoni lilikuwapo gari, Landrova ya mwalimu mmoja Mswidi aliyekuwa akitoka Lamu. Alifundisha shule ya wamisionari huko bara. Alikuwa mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha vitabuni, kilichopigwa pasi.

"Nitawachukua bila shaka," akasema. "Hilo halina haja ya kuulizwa. Tatizo ni maji."

Hawa akalazwa ndani ya Landrova, Landrova ikapanda pantoni, tukajaribu kuvuta. Wavutaji wote, pamoja na dereva mmoja wa lori aliyejitolea. Tulitoka ukingoni kidogo tu, pantoni ikasimama, waya ukaanza kuimba. Waya ukiimba, huvuti tena, maana unakaribia kukatika. Tukarudi.

Galgalo alisimama akimtazama binti yake. Hawa alikuwa ameuma upindo wa kanga. Kisha mzee akainua macho, kwa mara ya kwanza, akazitazama roda.

"Igori," akasema. "Unaujua mto?"

"Jina sijui," Igori akajibu. "Mto najua."

Tukafunga kamba, nazo zilikuwa za waya wa zamani. Ya mbele fupi, ya nyuma ndefu. Pantoni ikajilaza upande kama ng'ombe anayejikuna, na mto wenyewe, ule ule uliotushinda, ukaanza kutuvusha. Wallahi hakuna aliyeimba. Tulishika vipande vyetu vya miti mikononi tukiwa hatuna cha kufanya navyo.

Tulipofika katikati, mti ukaja. Mkuyu mzima, na mizizi yake. Igori aliuona kabla yetu. Akapiga kelele, akalegeza kamba ya mbele, pantoni ikanyooka na mkondo ili isipigwe ubavuni. Mti ukajikwaa kwenye kamba zetu, ukakaa hapo umezikumbatia. Hatukuzama. Lakini hatukuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma mpaka tuukate tawi kwa tawi.

Nafasi ya kukatia ilitosha watu wawili tu kwa zamu, na shoka zilikuwa mbili. Igori na mimi tukashuka, tukasimama juu ya shina lililozama, tukaanza. Mamba tuliwaacha kwa Mungu. Wengine walisimama kimya. Kelele ya maji ilikuwa kubwa, na juu yake tukamsikia Hawa analia, si kwa uchungu sasa, kwa hofu. "Baba, tunakufa. Nausikia mto."

Mama Hadija akatoa kichwa nje ya pazia la kanga alilolifunga kwenye Landrova.

"Nyinyi wanaume mmekuwa mabubu? Ongeeni! Mkinyamaza anausikia mto. Semeni lolote, lakini semeni kwa sauti."

Mnajua ilivyo, ukiambiwa ongea, maneno hukimbia. Mwisho yule mwalimu akakohoa, akamuuliza Igori aliyekuwa karibu yake, kwa Kiswahili, maana hawakuwa na lugha nyingine ya kuelewana:

"Bwana fundi, jina lako nani?"

"Igor."

Mwalimu akaduwaa. "Mimi naitwa Ingvar. Basi wewe ni somo yangu!"

"Hapana. Wewe Ingwari, mimi Igori."

"Ni jina moja, bwana. Jina moja lililopita njia mbili."

"Kwa sauti!" Mama Hadija akapaza.

Mwalimu akapandisha sauti kama yuko darasani.

"Zamani sana, kabla Wazungu hawajajua bunduki, wazee wetu wa kaskazini walikuwa watu wa mashua. Mashua nyembamba, za makasia. Walivuka bahari kuelekea mashariki, wakaingia katika mito ya nchi ya huyu bwana, wakaifuata mmoja baada ya mwingine."

"Na mto ukiisha?" Roba akauliza.

"Waliziburuta mashua nchi kavu, juu ya magogo, mpaka mto unaofuata."

Galgalo alikuwa ameshika kamba ya nyuma. Akageuza kichwa. "Waliburuta mashua nchi kavu?"

"Naam. Msituni."

"Hao walikuwa watu," Galgalo akasema.

"Walibeba ngozi, asali na nta. Na watumwa pia, sitawaficha. Waliteremka hadi mji mkubwa wa kusini, ambao leo ni Istambuli. Wengine hawakurudi. Walitawala nchi ile, wakaoa huko, na wajukuu zao hawakuijua tena lugha ya babu zao. Walichobakiwa nacho ni majina. Nayo majina yakasuguliwa na ndimi za wenyeji. Ingvar, wenyeji hawakuipenda ile sauti ya puani, wakaitema. Likabaki Igor. Kwetu mwanamke ni Helga, kwao akawa Olga."

"Kama Waorma nasi," nikasema. Maana ni kweli: zamani Waorma walipokuwa na nguvu juu ya mto huu, tulichukua majina yao, na leo nani atamwambia Galgalo kwamba lake si jina la Kipokomo?

"Hasa!" mwalimu akafurahi. "Hasa hivyo. Alikuwapo hata mtawala wa jina hilo, Igor. Habari zake ni za kale, huenda zimeongezwa chumvi. Alikwenda kwa watu wa misituni kukusanya kodi, wakampa. Alipokuwa njiani kurudi akaona haijamtosha. Akageuka na askari wachache kwenda kudai tena. Wakamuua."

Ilikuwa miaka ya kodi ya kichwa, na mwenye kuisimulia alikuwa Mzungu.

Kutoka nyuma ya kanga ikaja sauti ya Hawa, imekatika kwa uchungu lakini wazi kabisa:

"Walifanya vizuri!"

Tulicheka, jamani. Katikati ya mto, mti umetukaba koo, tulicheka mpaka Roba akakaa chini. Mama Hadija alicheka. Igori ambaye jina lilikuwa lake alicheka kuliko wote.

"Na maana yake?" Galgalo akauliza, kicheko kilipotulia.

Mwalimu akasita. "Wataalamu hawakubaliani juu ya kila kitu. Kuna Ingi, aliyekuwa mungu wa wazee wetu kabla ya dini. Wa mazao, wa mvua, wa amani. Sehemu ya pili ni shujaa, au mlinzi. Tuseme mlinzi wa Ingi."

"Astaghfirullah," Galgalo akasema, akaigeukia kamba yake.

Mimi nilikuwa nikimtazama Igori. Shoka lilikuwa begani, maji yanamfika kiunoni. "Baba ya mama yangu naitwa Igor," akasema polepole. "Yeye mtu ya viazi. Mimi nafikiri jina ya kijiji tu. Wewe nasema jina yangu nakuja na mashua?"

"Kwa makasia, somo yangu."

Igori akautazama mto. Nyumbani kwake palichomwa. Alikwisha kutuambia hilo. Picha hakuwa nayo hata moja. Sikumwona akilia, na sitaki kuongeza. Lakini alipoinua shoka tena, mimi nilisogea kando, maana sikuweza kwenda naye.

Mwalimu aliendelea kusimulia, mashua baada ya mashua, mto baada ya mto, na tawi la mwisho lilikuwa linakatika tuliposikia kilio chembamba ndani ya Landrova. Mtoto wa kiume. Tukapiga takbiri. Lakini Mama Hadija hakutoka kutangaza. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Galgalo. Damu haisimami."

"Kamba ya mbele!" Igori akapiga kelele. "Fupi! Fupi!"

Galgalo ndiye aliyeivuta. Peke yake, kwa mikono mitupu, yeye aliyenifundisha kwamba mkono si chombo cha kazi. Mkuyu ukateleza ukaenda zake baharini. Pantoni ikajilaza, ikashika mkondo, na ikatupeleka ng'ambo kwa kasi ambayo sikuiona tena katika kazi yangu. Tuliteremsha mbao, Landrova ikapanda tope ikiserereka, tukaisukuma, ikaondoka na Hawa, mtoto na mkunga.

Galgalo hakwenda nayo. Watu walikuwa wanangoja upande wa pili. Alikaa juu ya tangi, viganja vinatoka damu, na Igori akakaa kando yake. Akatoa koleo ndogo mfukoni, akaushika mkono wa mzee, akaanza kumtoa sindano za waya.

Hawa alipona. Alikaa hospitali muda, na siku ya kumpa mtoto jina ikapita akiwa bado kitandani, kwa hiyo Galgalo akaamua wangoje arudi. Aliporudi tulialikwa wote wa pantoni, na Igori pia. Alikuja na shati lililofuliwa, akakaa mkekani karibu na mlango.

Maalim Omari, aliyefundisha watoto Kurani, akauliza jina. Bakari, baba wa mtoto, akasema, "Mimi sikuwapo. Aliyekuwapo aseme."

Hawa akasema, "Igori."

Galgalo akasema kwa upole, "Mwanangu, ulisikia mwenyewe. Ni jina la sanamu."

"Nilisikia yote, Baba. Kila uchungu uliponishika nilijiambia, ngoja kwanza nisikie zile mashua zinafika wapi. Zisingekuwa zile mashua ningejiachia. Mimi sikumwona mungu wa mtu yeyote hapo. Nilisikia watu wanavuka."

Galgalo akamtazama Maalim. Maalim Omari alikuwa mtu wa kufikiri kwanza. Akanigeukia mimi.

"Wewe Jilo, jina lako maana yake nini?"

"Ni sherehe ya Waorma, Maalim. Ya zamani, kabla hawajasilimu."

"Ya ibada zao?"

"Nasikia hivyo."

"Na wewe unaswali?"

"Naswali."

Akaitikia kwa kichwa. Akamgeukia Igori. "Huyo Ingi wa jina lako, kuna mtu anayemwabudu leo?"

"Hapana. Mimi pia juzi tu nasikia yeye."

Watu wakacheka kidogo. Maalim akasema, "Basi hili ni ganda, kiini chake kilikwisha kuliwa zamani. Mbele ya Mungu mtoto ataitwa Ibrahimu, jina lisilo na shaka. Hilo la pili ni la nyumbani. Mama yake amwite atakavyo, na asiulizwe."

Galgalo akamchukua mtoto mikononi mwa bintiye, akainuka, akaenda mpaka mlangoni, akamweka juu ya mapaja ya Igori.

"Mwite," akasema.

Igori hakujua afanye nini na mikono yake mikubwa yenye grisi kwenye kucha. Akainama, akasema neno ambalo halikuwa Igori. Lilikuwa refu kidogo, laini mwishoni.

"Umesemaje?" Hawa akauliza.

"Igoryok. Igor ndogo. Mama yangu naita mimi hivi. Kitambo hakuna mtu nasema."

Hawa akalijaribu. Halikumtoka vizuri, kwake likawa Igoyoki. Akalirudia mpaka likakaa.

Toka siku hiyo roda zilifanya kazi mto ukiwa na nguvu, na mto ukiwa mvivu tulivuta kwa mikono na kuimba. Galgalo alikuwa anasema mbele ya wageni kwamba mpango huo ni wa kale, ulikuja na watu wa mashua. Ndiyo kazi ilivyo, vijana wangu: njia mpya haimwingii mzee mpaka apate mahali pa kuiweka moyoni mwake.

Mtoto alikua. Hawa alihamia upande wetu na Bakari, wakalima mpunga na ndizi karibu na kivuko. Nakumbuka siku moja ya kiangazi, mto mdogo, hakuna gari. Igori alikuwa amelala chini ya roda, amejipaka grisi mpaka nywele, anagonga kitu. Mtoto alikuwa amekwisha kujua kukimbia, na alikuwa tope tupu, anachimba kingo pamoja na wenzake. Hawa akatoka nyumbani, akasimama juu ya ukingo, mkono kiunoni, akaita kwa ile sauti ya mama ambaye chakula chake kimekwisha kupakuliwa:

"Igoyoki! Weee, Igoyoki!"

Nyundo ikanyamaza. Igori alikuwa amekwisha kuinuka, wima, nyundo mkononi, uso ameugeuzia kule sauti inakotoka, na mdomo umefunguka kuitika. Kisha akamwona mtoto anapanda ukingo, akaelewa, akaanza kuinama tena arudi chini ya roda.

Hawa aliona yote. Alimfuta mtoto uso kwa upindo wa kanga, kisha akapaza sauti tena kuelekea pantoni.

"Na wewe pia," akasema. "Nawa mikono uje. Samaki anapoa."